Mama Alijua Kupika

Mwaka ule tulipokatwa kutoka Arusha na kupewa jina la Manyara, duka tulilofanyia kazi pale Katesh lilijaa watu. Kila karatasi yenye jina la mkoa wa zamani ililetwa ichapwe upya. Wachapaji tulikuwa wawili. Mimi nilitoka Endagikot, kwetu Wairaqw, nikiwa na darasa la saba na kozi ya taipureta. Mwenzangu alikuwa dada aliyetoka mkoa wa mbali kumfuata mume wake, tabibu wa zahanati. Alinizidi kama miaka kumi. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kuinua macho kwenye kazi yake.

Kompyuta ilikuwa moja, ya mtumba, na aliyeimiliki kwanza alikuwa ameacha mchezo ndani. Haukuwa mchezo wa kupigana. Unajenga nyumba, unaweka watu, unawaambia wale, waoge, walale, waende kazini. Juu ya kichwa cha mtu kinaelea kijiwe cha kijani, na akikosa raha kinageuka chekundu. Wakiongea husikii hata neno moja unalolijua.

"Hao Wairaqw wenzako," dada alinitania. "Hebu nitafsirie."

"Anasema wewe mtu wa kuja umekalia kiti chake."

Tulicheka mpaka mteja akachungulia dirishani.

Tulicheza saa ya chakula, mzee mwenye duka akiwa amekwenda kwake. Dada alikuwa na nyumba yake kwenye mchezo, na mimi yangu. Kwenye yangu nilimweka mama.

Mama alikuwa amefariki masika yaliyotangulia. Barabara ilikuwa tope tupu, nikafika Endagikot wameshamzika. Sikulia mbele ya watu, na baadaye sikujua pa kulilia. Kwenye mchezo nilimpa nywele za mvi na gauni refu. Nilimnunulia kitanda kikubwa, friji na jiko la umeme, yeye aliyepika maisha yake yote kwenye mafiga matatu. Kila nilipomfungua nilimwamkia kwa sauti ndogo. Mpaka leo nikisikia muziki unaofanana na ule uliopigwa wakati nachagua makochi yake, huacha ninachofanya nikasikiliza.

Siku moja dada alisimama nyuma ya kiti changu akatazama.

"Mdogo wangu, huyu hajui kupika. Mwekee kabati la vitabu asome mapishi. Usipomfundisha ataunguza nyumba."

"Mama yangu anajua kupika."

"Yule aliyekuzaa alijua. Huyu hajui kitu. Wa kwangu nimemsomesha siku tatu nzima."

Kwetu huwezi kumwambia aliyekuzaa akajifunze kupika. Tena mama hakujua kusoma. Barua zangu alikuwa akizipeleka kwa katekista asomewe. Kumketisha mbele ya kitabu niliona ni kumsimanga. Sikununua kabati. Lakini maneno yale hayakunitoka. Mtu anajuaje kwamba nyumba ya mwenzake itaungua?

Tangu hapo nikawa mtu wa kuchunguza. Nilitazama kama kiti kimesogezwa. Nikitoka niliweka njiti ya kiberiti juu ya kipanya cha kompyuta, nikirudi naikuta imeanguka, kana kwamba kompyuta haikuwa yetu sote. Mara moja nilikuta maua ya mama yamemwagiliwa maji, na sikuwa nimeyamwagilia mimi. Mwingine angeshukuru. Mimi nilijiuliza ameingia mle kutafuta nini.

Siku yenyewe mzee alinituma kupeleka karatasi halmashauri. Niliusimamisha mchezo, au nilidhani nimeusimamisha. Niliporudi nilimkuta dada kwenye kiti changu, jasho linamtoka.

"Pole, mdogo wangu. Nimewapigia zimamoto, wamechelewa. Mama ameungua."

Pale jikoni kwenye kioo palikuwa na majivu, na kando yake chombo kama mtungi mdogo, ndilo kaburi la mchezo ule. Najua ulikuwa mchezo. Hata siku ile nilijua. Hata hivyo nilikigusa kioo pale alipoungulia.

"Ulisema," nikamwambia. "Ulisema ataungua."

"Nilisema umfundishe."

Kesho yake sikumpa shikamoo. "Habari za asubuhi," nilimwambia, kama unavyomsalimu rika lako, au mtu ambaye humheshimu. Siku hiyo aliinua macho kwenye kazi yake. "Nzuri," akasema.

Tulikuwa tukinywa chai ya chupa moja. Nikaanza kuja na yangu. Zamani kwetu nyumba iliyopata kifo kibaya ilijitenga, haikushirikiana moto wala maji na majirani, na mimi nilijiambia kwamba nashika msiba. Haikuwa kweli. Ilikuwa chuki, na nilipenda kuiona ikimchoma.

Wiki ilipoisha nilimwendea mzee nikamwambia dada anacheza saa za kazi. Alikuwa amewahi kucheza, hilo sikulitunga. Nilichoficha ni kwamba mimi nilicheza zaidi. Mzee hakumpa nafasi ya kujieleza, alimfukuza kazi siku ileile. Dada alichukua kanga yake na kikombe chake, akapita mbele ya meza yangu.

"Haya, mdogo wangu," akasema, basi.

Sasa kompyuta ilikuwa yangu peke yangu, na nilitaka ushahidi. Nilitengeneza mwanamke nisiyemjua, nikampa nyumba ileile na jiko lilelile. Sikumfundisha kitu. Nikakaa na kumtazama. Siku yake ya pili mle ndani alikwenda kupika, jiko likawaka. Alirusha mikono juu akipiga kelele kwa lugha yake. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa, na ndani hapakuwa na mtu mwingine wa kumshuku. Nilirudia na mwanamke mwingine. Naye akaungua.

Dada alikuwa bado Katesh. Nilisema nitakwenda Jumapili. Mwaka uliofuata mume wake akahamishiwa Bashay, nikasema nitakwenda baada ya mavuno. Mavuno yamepita mengi, na Bashay si mbali kiasi hicho.

Mwezi uliopita nikasikia dada amefariki. Walishamzika nilipofika, nimezoea kufika hivyo. Yeye na mume wake walikuwa wamejenga hukohuko Bashay, na ndiko alikolala. Wanawake walinipeleka jikoni, wakanipa mwiko nisonge ugali wa waombolezaji. Binti yake, mtu mzima sasa, akaja akachuchumaa kando ya moto.

"Shikamoo, mama. Ndiye wewe wa Katesh?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mama alikuwa anatuchekesha na habari zako! Yule aliyekataa mama yake asome mapishi."

Wanawake walicheka kidogo, kicheko cha msibani. Mimi nilimchunguza usoni. Niliona kama ananitega.

"Alikwambia kwa nini aliacha kazi?"

"Alisema mzee hakupenda michezo."

"Hakusema nani alimpelekea mzee maneno?"

"Hapana."

Ningeweza kuishia hapo. Nilitazama mikono yangu juu ya sufuria.

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani yeye ndiye aliyemuunguza mama yangu. Ni mimi niliyemuunguza, kwa kutomfundisha. Na nililijua hilo kabla hajaondoka Katesh."

Kicheko kilikatika. Mama mmoja akachukua ndoo akatoka nje, ingawa ilikuwa na maji. Mwiko ulikuwa umesimama mkononi mwangu, na harufu ya ugali unaoshika chini ikaanza kupanda. Binti akainama, akavuta kuni mbili akaziweka kando ya mafiga.

"Unaunguza, mama," akasema, bila kunitazama. "Songa kuanzia chini. Geuza. Hivyo."

Nikasonga kama alivyonielekeza.