Maneno Yote ya Kukataa

Nilipovunja ungo nilitiwa ndani, mlango ukarudishwa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Wingwi miaka ile kabla ya vita vya pili: mwari haonekani, wala sauti yake haivuki kizingiti. Nikicheka, bibi hugonga ukuta. Nikikohoa, hugonga ukuta. Mwaka na miezi nilikaa katika chumba chenye kidirisha kisichopitisha hata kichwa, nasuka ukili mpaka vidole vikaota sugu, huku nawasikia wenzangu wanacheza nje. Msinieleze habari za jela. Mie nimekaa.

Aliyekuwa akinipunguzia dhiki ni kaka yangu. Yeye akisoma skuli ya serikali Chake, akilala kwa jamaa zetu huko, na kila Alhamisi akirudi nyumbani kwa miguu kwa kuwa Ijumaa hapana skuli. Alikuwa na daftari. Mwalimu wao kawapa maneno marefu ya Kizungu, yale yanayobandikwa kitu kichwani yakageuka kinyume, na kaka akija kuyadurusu kwangu kwa kunong'ona.

"Tazama. Obedient ni mtiifu. Tia dis mbele, mtiifu kesha kuwa mkaidi. Disobedient."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Loh, nilivyoyapenda! Sisi "si" yetu hujificha tumboni mwa neno, asiyetii, asiyekubali, unaweza ukaimeza usiisikie. Wao yao imesimama mlangoni, inakukabili kabla hujaingia. Nikayahifadhi kama nilivyohifadhi Juzuu Amma. Unaccompanied: mtu aendaye peke yake, hana wa kufuatana naye. Hilo nililirudia sana, mie ambaye hata chooni nasindikizwa. Unwillingness: hali ya kutotaka. Lililonishinda ulimi ni irrevocable. Kaka akanifasiria: "Maji yakimwagika hayazoleki." Nilisuka mkeka mzima nikilitafuna hilo moja, na bibi akidhani navuta uradi.

Kisha ikaja posa. Mtu wa Chake, wa makamo, kafiwa na mkewe, ana nyumba ya mawe karibu na skuli. Sikumjua wala sikumtaka. Nilimwambia kaka, "Mie sitaki. Nifanyeje?"

"Baba si mtu wa kulazimisha," akasema. "Siku ya ndoa atakuja mlangoni na mashahidi wawili kukutaka idhini. Wewe sema sitaki, kwa sauti, wasikie. Baba atavunja."

"Nitaogopa."

"Mmoja wa mashahidi nitakuwa mie. Ukishindwa, nitasema kwamba umenambia hutaki." Akaapa, tena kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Alhamisi mbili zilizofuata hakuja. Bibi akasema jamaa aliokuwa akilala kwao wamemtoa, nyumba imewajaa, na asipopata pa kulala skuli ndiyo basi tena. Nilimwonea huruma. Mjinga mie.

Siku ikafika. Nimefunikwa kanga gubigubi, somo yangu, yule mama aliyekuwa akinifunda, kanikalia ubavuni kanishika paja. "Usithubutu kufungua kinywa," akanambia. "Mwanamke mwenye haya hujibu kwa kimya." Nje ya pazia nikasikia miguu, kisha sauti ya baba.

"Mwanangu, umeposwa, na mahari umeyasikia. Nikuoze?"

Nimefunzwa mwaka mzima kwamba sauti yangu ni aibu, leo naambiwa niitoe mbele ya wanaume. Maneno yote ya kukataa nilikuwa nayo kichwani, ya Kizungu na ya kwetu, yamejazana, hakuna lililopata njia. Baba akauliza tena. Hapo nikalia. Nilidhani inatosha! Nani asiyejua maana ya machozi?

Kumbe sikujua kwamba hayo nayo yana kanuni yake. Yule mzee aliyekuwa shahidi wa pili akasema, "Analia kwa haya. Kimya chake ndiyo idhini yake."

Baba hakuondoka. Hilo nitamshuhudia mpaka kesho akhera: aliuliza mara ya tatu, kwa upole, na akangoja. Mie nimeinamisha kichwa, naona kwa upenyo wa kanga, chini ya pazia, miguu ya watu watatu. Ya kaka niliijua kwa lile kovu la jembe kwenye kidole gumba. Niliikazia macho miguu ile. Sema, kaka. Umeapa, sema. Ile miguu ikasogea kidogo, ikatulia. Kisha ikageuka, ikaondoka pamoja na mingine, na vigelegele vikapigwa.

Nilipopelekwa Chake nyumbani kwa mume wangu, nilikuta chumba cha mbele kina kitanda kimoja na kisanduku cha bati. Kisanduku kile nilikijua. Mume wangu akanambia, wala hakuwa na ubaya moyoni, "Nimempa kaka yako akae mpaka amalize masomo. Ndivyo tulivyoagana kabla ya ndoa, nilipomwona hana pa kulala." Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka mitatu nilimpikia, nikamfulia, na kila jioni nikimsikia nyuma ya ukuta akiyasoma maneno yale kwa sauti yake kubwa. Hakuna aliyemgongea ukuta.

Akawa karani mkubwa, akaheshimika. Mume wangu akafa, nikazeeka katika nyumba ile ile. Hatukuwahi kuizungumza siku ile. Kisha Ijumaa moja, mvi zimetujaa sote wawili, alikuja kula kwangu, nikamuuliza, "Kaka, lile neno la maji yakimwagika, lilikuwa lipi?"

Mkono wake ukasimama kwenye sahani. Alijua kwamba sijalisahau, na alijua ninataka alitamke yeye.

Nikamuuliza tena. Nikamuuliza mara ya tatu, kwa upole, kama alivyouliza baba, nikangoja. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya wali.

Analia kwa haya, nikajisemea, na safari hii ilikuwa kweli.