Wageni Walilazwa Barazani

Mzee aliyemuuzia baba nyumba yetu ya Shinyanga alikuwa na sijida kubwa kwenye paji la uso, na naamini aliitunza kuliko alivyoitunza nyumba. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Mnadani alisifika kwa ukweli: ng'ombe mwenye chuchu iliyoziba alimtangaza mwenyewe kabla mnunuzi hajainama. "Kuficha aibu ya bidhaa ni haramu," alikuwa akisema, na watu wakiitikia.

Sifa yake nyingine ilikuwa wageni. Hakuwalaza ndani hata siku moja. Aliwatandikia mikeka barazani wapate upepo, na mji mzima ukamwita karimu. Baba, fundi cherehani aliyetoka Tabora akiifuata reli, aliuona ukarimu huo akaupenda. Hakuna aliyejiuliza ni mwenyeji gani anayemlaza mgeni nje hata mwezi wa saba, kwenye baridi. Wajinga ndio waliwao, nasi tulijileta wenyewe na masanduku yetu.

Sakafu tuliikuta imesilibwa upya kwa udongo na samadi, laini kabisa. Wiki ya pili mama akashikwa na homa. Ikamwacha, ikamrudia. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Akazaliwa mvulana ambaye hakulia.

Jirani yetu, mama wa Kisukuma, alikuja kumkanda mama maji. Alichokoa ufa wa ukuta kwa kijiti, papasi, wale kupe wa nyufani waumao usiku na kuleta homa, wakaporomoka.

"Wenye nyumba wamewazoea," alisema. "Anayeugua ni mgeni. Kwani hamkujua? Kila mtu anajua."

Kila mtu! Hata waliokuja kula pilau letu siku ya kuhamia walijua, wakala, wakanawa, wakaenda kulala kwao.

Baba alimfuata mzee mnadani. Alimwamkia shikamoo, mimi ningemnyima. Mzee akaitikia marahaba, akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, hukuniuliza." Chuchu ya ng'ombe ilistahili kutangazwa, mama yangu hakustahili.

Nilimdharau mzee yule kwa miaka, na sitaficha kwamba dharau ile ilinipa raha.

Kisha baba akasikia kwamba Geita kuna dhahabu, na wachimbaji wanachana suruali kila siku. Akaamua kuuza nyumba. Alinituma samadi bila kunieleza ya nini, nami sikuuliza. Nilikuwa binti mkubwa, nilijua. Nilisiliba sakafu chumba kwa chumba, nikaziba kila ufa kwa kidole.

Mnunuzi alitoka Ushirombo, na mkewe amebeba mtoto mgongoni. Wanaume walipotoka kutazama paa, mwanamke aliikanyaga sakafu kwa kisigino, akanitazama.

"Mdogo wangu, humu hamna papasi?"

Sauti ya baba nje ilinyamaza.

"Hamna, dada," nilisema.

Akanishukuru, akamfungua mtoto, akamlaza pale chini apumzike.

Yule mzee, angalau, hakuulizwa.