Sifuri Kwenye Mpango wa Mikate

Mdogo wangu hupanga mikate. Hivyo ndivyo ninavyowajibu watu wakiniuliza kazi yake, nao hudhani anaipanga kwenye rafu. Yuko kwenye kiwanda chenye matanuri na malori kadhaa, na hesabu zake ndizo zinazoamua tanuri lipi lioke nini, lini, na lori lipi lipeleke wapi. Zamani waokaji walikuwa na mpango wao na wasafirishaji wao. Mikate iko tayari, lori halipo. Lori likija, mikate bado unga. Yeye akaziunganisha hesabu zote, kompyuta itafute njia moja yenye gharama ndogo kwa kiwanda kizima. Siku alipotueleza hayo, mke wake alimwambia, "Hesabu zote hizo, na ukitumwa mkate unasahau." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Wifi yangu huyo alifariki mwanzoni mwa mwaka. Nikahamia kwao kusaidia, nikamkuta mdogo wangu amekufa ganzi. Hakulia, hakugomba. Balbu ya koridoni iliungua, akawa anapita gizani akipapasa ukuta. Nikimuuliza tule nini, "Chochote." Binti yake akimwonyesha mchoro wa shuleni, "Vizuri," na macho hayajafika kwenye karatasi. Mimi sina subira na mdomo wangu hauna breki. Nilimgombeza, nikambembeleza, nikachoka. Ilikuwa kama kugombana na kabati.

Ndipo mdogo wake wifi akaja, akatukuta mezani tunakula, akatoa hoja yake. "Shemeji, mtoto anakonda kwa kukutazama. Nipe nikae naye, kwangu kuna wenzake wa kucheza nao."

Hakuwa mtu mbaya, wala hakusema uongo. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, anamwangalia baba yake. Sote tulimwangalia mdogo wangu.

"Sawa tu," akasema, akaendelea kula.

Nilitaka kumtupia sahani. Ikakubaliwa kwamba mtoto atachukuliwa Jumamosi, naye akaanza kupanga begi lake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumamosi asubuhi bosi alikuwa anasubiri mpango mpya, maana kiwanda kilikuwa kimeongeza tanuri la tatu. Mdogo wangu alikaa na kompyuta mezani. Mtoto alikaa juu ya begi, viatu miguuni. Nikapita na chai, nikachungulia, tabia ninayo. Skrini nzima ilikuwa sifuri tupu.

"Imeharibika?"

"Hapana." Aliitazama kidogo. "Imejibu sawasawa. Nimeiambia bei ya unga, umeme, mafuta, madereva. Nikaiambia ipunguze gharama. Nimesahau kuweka mahitaji."

"Mahitaji gani?"

"Ya maduka. Usipoiambia kwamba kuna watu wanaohitaji mkate, inaona nafuu ni kutooka kabisa. Matanuri yazimwe, malori yalale. Hapo hakuna gharama."

"Kumbe imekuiga wewe," nikamwambia. Nilisema kwa hasira tu. Wala sikufikiri.

Alivuta karatasi yenye orodha ya maduka, nami nikajuta. Kisha akaanza kuingiza mahitaji, duka moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayejifunza kuandika. Alikuwa hajamaliza tuliposikia hodi.

Mama mdogo wa mtoto aliingia, akatusalimu, akamshika mtoto bega. "Haya mwanangu, twende zetu."

"Shemeji," mdogo wangu akasema. Sauti ilikuwa ileile ya "chochote". "Asiende. Namhitaji."

Mama mdogo aliniangalia, nami nikaangalia chai. Mtoto ndiye aliyejibu, na hasira alizokuwa nazo ni za kwetu, nilizitambua.

"Mbona siku ile hukusema?"

"Nilidhani unajua."

"Sikujua," mtoto akasema.

Baba yake alifunga kompyuta kabla kazi haijaisha, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Hakumkumbatia. Sidhani kama siku ile alikuwa na uwezo huo. Alivuta kiti kimoja karibu na chake, akakiacha hapo.

Mama mdogo aliomba chai, akainywa, akaondoka peke yake kwa shingo upande. Begi lilibaki mlangoni. Mtoto alivua kiatu kimoja, akashinda na kingine mguuni. Jioni baba yake alisema anakwenda kununua balbu ya koridoni, akasimama mlangoni akimsubiri. Mtoto akakitafuta kile kiatu kingine chini ya meza, akakivaa, wakatoka.