Kigari Kisicho na Paa

Majirani wa Mji wa Kale walikiita karai kigari changu. Hakikuwa na paa wala milango, turubai lake lilikuwa limechanika, na kila masika kilijaa maji mpaka nikatoboa sakafu ili yatoke. Yaliyobaki niliyakomba kwa kopo. Mke wangu aliapa kwamba kopo hilo hataligusa maishani. Kipendacho roho hula nyama mbichi, nami niliila miaka sita, suruali zangu zikinuka uvundo.

Mwaka huu akasema basi, nikiuze. Nilikubali, ingawa moyo uliniuma. Mnunuzi akaahidi kuja Jumamosi.

Mamangu tunaishi naye. Tangu aanguke na kuvunjika nyonga, alikuwa hajavuka baraza ya mlangoni kwa miezi minane. Kuinama aingie kwenye tuktuk hawezi. Tulijaribu mara moja akalia kwa uchungu, hatukurudia. Kutwa alikaa barazani akilaumu maembe tuliyomletea: haya mabichi, haya yameoza, nyinyi hamjui kuchagua.

Alhamisi nilikiegesha kigari kando ya baraza nikioshe, mnunuzi asije akanicheka. Mama akanyoosha mkono, akapapasa kiti.

"Mwanangu, hiki na baraza si sawasawa?"

Kweli! Kiti na baraza vilikuwa kimo kimoja, na hapakuwa na mlango wa kumzuia wala paa la kumwinamisha. Mke wangu alimshika kwapani, mama akajisogeza taratibu, tahamaki yumo ndani, ameshaweka mkoba mapajani.

"Marikiti," akaniamuru.

Sokoni, wachuuzi walimletea maembe pale pale alipokaa. Alinusa moja moja, akakataa mengi kuliko aliyochukua, nami nikasubiri kwa raha zangu. Tuliporudi, mvua ikatumwagikia njiani, pale Makadara. Nikakanyaga mafuta.

"Wakimbilia wapi?" akauliza. "Enda polepole. Mvua ya mwaka huu nimeiona dirishani tu."

Mke wangu alikuwa mlangoni na taulo. Nilijua leo nimekwisha. Lakini mama, amelowa chapachapa, alikuwa akicheka na embe mkononi. Mke wangu alimwingiza ndani, akamkausha nywele, kisha akatoka peke yake. Alilichukua kopo, akaanza kukomba maji.

"Mpigie huyo mtu asije," akasema bila kuniangalia. "Jumamosi mama yuwataka kwenda Feri."