Mwanamume Aliyechimba

Kwetu Namswea, milimani Mbinga, shamba la ngolo lina kazi mbili, na kila mtu anaijua yake. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza chini kwa miraba. Wanawake tunafuata na majembe, tunachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, mpaka mlima mzima unabaki mashimo na matuta. Mwanamume akichimba hashtakiwi popote, ila atachekwa. Baba mkwe wangu, Mzee Bernadi, amechekwa zaidi ya miaka arobaini.

Nilipoolewa hapa niliukuta utani umeshaota mizizi. Alikwenda vita ya Kagera akiwa kijana, akarudi, na katika pombe ya kwanza ya shamba wanaume wakamuuliza ameua maadui wangapi. Akajibu, "Mimi nilichimba." Binamu yake Protasi alicheka mpaka akamwaga pombe. Tangu siku hiyo, kazi ya kusaidiana ikiisha, wanaume wanapewa pombe kwanza na wanawake baadaye, na Mzee Bernadi anahesabiwa upande wetu. Anapokea, anakunywa.

Mimi si mmbea. Ila nikiona chungu kimefunikwa, mikono inaniwasha.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya misa, tulikuwa tunachambua maharage ya mbegu huku redio inaongea. Ikatoa habari ya wanajeshi weusi wa Marekani waliopigana vita kuu ya dunia: ushujaa wao haukutajwa, sasa ndipo habari zao zinaulizwa, lakini wengi wamekwisha kufa, na wajukuu ndio wanaopokea nishani. Mzee akaacha kuchambua.

"Afadhali wao wameulizwa," akasema.

"Kwani baba, wewe ungeulizwa ungesema nini?"

Nilidhani atanikaripia. Badala yake akayatazama maharage mkononi mwake.

"Ningesema handaki liliporomoka. Bomu lilianguka karibu, wenzangu watatu wakafukiwa wazima. Mabomu bado yalikuwa yanakuja, waliobaki wakakimbia. Mimi nikachimba. Mpini wa koleo ukavunjika, nikachimba kwa mikono. Niliwatoa wawili. Wa tatu, Aidan, nilimfikia amekwisha kufa."

"Mbona hukuwaeleza, baba?"

"Walikuwa wameshaanza kucheka. Nimlete Aidan katikati ya kicheko?"

Nililia, wala sioni aibu kusema. Kisha nikashikwa na hasira. Kifua cha Mzee hakiko sawa tangu masika ya mwaka jana, na niliona wazi kwamba tutamzika na utani wa Protasi juu ya kaburi. Nikamuuliza hao wawili wako wapi. Mmoja alikufa baadaye vitani. Mwingine alikuwa Mnyasa wa Lundo, kule ziwani, jina lake Hamphrey, alibebwa kwenda hospitali bega limevunjika, hajitambui, na Mzee hakumwona tena.

Sasa, mimi hushuka ziwani kununua usipa, wale dagaa wa Nyasa, wa kuuza gulioni. Safari iliyofuata nikaenda mpaka Lundo nikauliza, nikaonyeshwa mzee mmoja aliyekaa mchangani anashona wavu, bega moja limeshuka.

"Shikamoo, babu. Wewe ulikuwa Kagera?"

"Marahaba, mama. Nilizikwa kule," akasema, akacheka mwenyewe. "Nikafufuka."

Nikamwomba anieleze alivyofufuka.

"Chini ya udongo nilisikia mtu juu yangu anasali Salamu Maria huku anachimba. Mimi Mwanglikana, sala ile sikuwa naijua, lakini siku hiyo niliifuata neno kwa neno. Nilikuwa nimeletwa kikosi kile jana yake, watu siwajui, na sura yake sikuiona. Nilikuja kuambiwa ni mtu wa Mbinga. Lakini mama, Mbinga nzima inasali Salamu Maria! Ningeanza kubisha mlango gani?"

"Anza na wetu," nikamwambia.

Nyumbani sikumwambia mtu. Hamphrey alipanda kwetu kwa bodaboda siku ya kazi ya shamba letu, na mfuko wa usipa begani. Jua lilikuwa limeshuka, imebaki mistari michache ya miraba, watu wamekaa wanasubiri pombe. Protasi ndiye aliyekuwa anagawa.

"Na huyu wa akina mama atasubiri," akasema kama kawaida yake, na wanaume wakacheka kama kawaida yao.

Hamphrey hakuuliza Bernadi ni yupi. Alisimama katikati ya watu akaanza kusali Salamu Maria kwa sauti, vibaya sana, anarukaruka maneno. Kutoka kwenye mkeka wetu wanawake Mzee akamsahihisha. Kisha akainuka, akamtazama yule mgeni na bega lake.

"Ni wewe," Mzee akasema.

"Ni mimi. Ulinichimbua."

Walishikana kama watoto. Hamphrey akawaeleza watu yote, kuanzia bomu hadi mpini uliovunjika, na Protasi amesimama tu, kata ya pombe imeinama mkononi, inamwagika. Kisha akajaza kikombe, akamletea Mzee kwa mikono miwili.

"Kaka, njoo ukae huku kwetu."

Mzee alikipokea, akamwaga kidogo chini. "Hii ya Aidan," akasema, akawaeleza Aidan alikuwa nani. Hakuna aliyecheka.

"Na huko siji," akaendelea. "Mama yangu hakuzaa binti. Jembe alinifundisha mimi, katika mashimo haya haya, na mlinicheka tangu utoto. Bila jembe la mama, Hamphrey angekuwa bado yuko chini. Nakaa hapa."

Hamphrey naye akavua viatu, akakaa mkekani pembeni yake.

Asubuhi nilikwenda kumalizia ile mistari iliyobaki. Nilimkuta Protasi katikati ya mraba na jembe la mkewe, jasho linamtoka, udongo anautupa upande usio wake. Mzee Bernadi alikuwa amesimama juu ya tuta, anamwambia ainame zaidi. Sikucheka, ingawa Mungu anajua nilitaka.