Kisu Chenye Mpini Mwekundu

Juzi, baada ya hitima ya baba huko Tudor, wageni walipokwisha kuondoka, kijana mmoja alitoa kisu cha kukunja mfukoni akaanza kumenya chungwa. Mpini ulikuwa mwekundu. Harufu ya lile ganda ikanirudisha utotoni, mtaani Kuze, alasiri moja baba aliponishika mkono tukaenda kununua kisu.

Duka lilinuka mafuta ya cherehani. Baba alivikunjua visu kimoja kimoja, akavitikisa karibu na sikio asikie kama bawaba imelegea, akajaribu makali kwenye vinyweleo vya mkono wake. Vilipobaki viwili akaniambia, "Chagua wewe, mwanangu."

Nikachagua chekundu. Kile cha zamani, alichonimenyea machungwa miaka yote, akanipa mimi.

"Hiki kipya, kila nikikishika nitakukumbuka," akasema.

Nilishangaa. Anikumbuke vipi, nami nalala chumba cha pili? Nikajiona nimekuwa mkubwa, ndiyo maana nimepewa kisu. Mama alipokiona mkononi mwangu alikaa kitako pale pale jikoni, vitunguu vikiungua. Kesho yake baba alitoka, hakurudi siku hiyo wala zilizofuata.

Yule kijana wa Tudor, mdogo wangu kwa baba, alinikatia kipande cha chungwa. Nikamwambia kisu chake ni kizuri.

"Alinipa baba, dada," akasema. "Alikipenda sana. Alikuwa akisema alikichagua mwenyewe."

Nikalitafuna lile chungwa pamoja na kokwa zake.