Kuliamsha Gari la Ndirangu

Kwap. Mlio mwepesi, kama wa mfuniko unaporudishwa juu ya debe lililoishiwa unga. Ndivyo boneti ya Datsun ya Ndirangu ilivyolia siku Kiptanui, mkulima wa vitunguu mwenye gari kama hilo, alipoifunga, akajifuta mikono, akaibeba giaboksi begani kama mtu abebaye mwana-kondoo, akaondoka nayo kwenda Cheptais. Tangu hapo Ndirangu aliusikia mlio huo kila alipopita nyuma ya ghala lake la mahindi, pale gari lilipokaa juu ya mawe manne, na majani ya maboga yakipanda mlango wa dereva kana kwamba yana mahali pa kwenda.

Hakunyang'anywa. Alitoa mwenyewe, kwa mkono wake, kama walivyokuwa wakitoa wote.

Miaka mingi Ndirangu alikuwa karani wa mizani katika ghala moja la nafaka mjini Kitale. Gari lile dogo, rangi ya maziwa ya jana, alilinunua kwa mwalimu aliyehamia Nakuru. Wenye magari ya aina hiyo kati ya Kitale na Bungoma hawakufika kumi, nao walijuana kama watu wa kanisa moja. Jumapili baada ya ibada walikutana karibu na Kiminini, kwenye uwanja wa kuoshea magari kando ya kijito. Hawakuwa na mwenyekiti wala mweka hazina. Walikuwa na desturi. Aliyefika alifungua boneti kwanza, kisha ndipo akasalimiana na watu. Wengine walikuja kuinama pale, mikono nyuma kama wageni mbele ya maiti, wakitazama amebadilisha nini. Hakuna aliyegusa chochote mpaka mwenyewe aseme karibu. Ndipo mikono yote ilipoingia na maneno yakaanza: nani ameinua springi za nyuma kwa kuongeza bamba la pikapu, nani amepanua tundu la petroli kwenye kabureta kwa sindano ya kushonea magunia, nani amepata plagi ambazo hazikutengenezewa gari hili lakini zimekubali.

Na kwa kuwa spea za magari yale zilikuwa zimeadimika madukani, walikuwa na desturi nyingine. Gari likilala juu ya mawe zaidi ya msimu mmoja, viungo vyake vilikwenda kwa magari yanayotembea. Mwenyewe akitaka vyake, alipaswa kusema neno moja tu, "Naamsha," na kila mtu angerudisha. Katika miaka yote Ndirangu hakuwahi kumsikia mtu akilisema.

Gari lake lililala kwa sababu ya Nyaruai, mkewe. Kiharusi kilimwangusha mwaka wa elfu mbili na mbili, akiwa anaanua nguo. Mwanzoni Ndirangu alimpeleka kwa daktari kwa gari hilohilo, wiki baada ya wiki, mpaka daktari akamwambia kwa upole kwamba lililobaki ni kuzoea. Wakarudi nyumbani, gari likapandishwa juu ya mawe, wakaanza kuzoea. Mkono wa kushoto wa Nyaruai ulilala. Mguu wa kushoto ukalala. Mdomo ukavutwa upande mmoja, ila maneno yakabaki, mazito kidogo kwenye ulimi lakini yote yalikuwapo, na ukali wake wote pia.

Ndirangu akajifunza. Alijifunza kumwinua kwa kumkumbatia kifuani na kuhesabu pamoja naye. Alijifunza kumwogesha, kumlisha, kumsuka nywele mistari minne isiyolingana. Wasichana wa kazi walikuja, wakaona, wakaondoka. Usiku aliamka kumgeuza ili ngozi isichubuke, na asubuhi alikama ng'ombe akiwa amemwegemezea kichwa ubavuni, mnyama amesimama tuli kama aliyeambiwa asimwamshe. Watu walimsifu. Walisema mwanamume wa namna ile hayupo katika eneo zima la Kwanza, na kila sifa ilimkaa begani kama gunia jingine.

Siku moja mwaka wa elfu mbili na tano, akimtoa bafuni, goti lake lilikataa. Wakaenda chini wote wawili. Hawakuumia, lakini hawakuweza kuinuka. Walikaa pale kwenye saruji yenye maji mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi akawakuta, Nyaruai ameweka kichwa kwenye paja la mumewe, wakizungumza habari za bei ya mbolea.

Jioni hiyo Ndirangu alimpigia simu binti yao Wamboi, aliyeolewa Bungoma na Wamalwa, fundi wa baiskeli. Wamboi hakumwacha amalize. Akasema mama aletwe kwake, akae kwake, baba apumzike. Ndirangu alikubali haraka kuliko alivyotaka kukubali.

Lakini kwa Nyaruai alisema jambo jingine. Alisema wataenda kumwona mjukuu, wiki moja tu. Alikuwa amekusudia kusema kweli. Ilifika mpaka kwenye meno, ikaona uso wa Nyaruai ukifurahi upande mmoja, ikarudi.

Sasa ikabaki njia ya kumfikisha. Kwenye matatu hakuweza kukunjwa. Walijaribu mara moja kwenda Kitale, na alivyovutwa na kusukumwa mlangoni aliapa hatapanda tena mpaka atakapobebwa amelala. Kwa hiyo Jumapili moja Ndirangu alikwenda Kiminini kwa miguu na kwa baiskeli za kukodi, akasimama katikati ya maboneti yaliyo wazi, yeye pekee asiye na la kufungua, akasema, "Naamsha."

Mtu mmoja alizima redio. Wangila, muuza misumari na mabati mjini Bungoma, mnene mwenye maneno mengi, ndiye aliyepata sauti kwanza. Akasema hewala, mzee. Kiptanui alitazama gari lake, ambalo alikuwa ameliinua kama ngamia ili lishushe vitunguu kutoka mlimani, na vitunguu vyake vilikuwa karibu kuvunwa. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Jumapili iliyofuata walikuja kwa Ndirangu na viungo vyake vyote, vimefungwa kwa magunia na magazeti. Hakuna aliyebakiza hata skrubu. Wakang'oa maboga, wakanyanyua boneti, wakaanza kazi, na kabla jua halijaegemea walikuwa wamegundua walichokifanya. Kila mmoja alikuwa amelipenda gari lake kuliko ilivyopasa. Kila kiungo alichoazimwa alikuwa amekikata, amekipinda, amekitoboa, amekifundisha tabia za gari lake. Vilikuwa viungo vya Datsun moja, lakini havikujuana tena.

Nyaruai alikuwa ameketishwa kwenye kiti chake varandani, shuka miguuni, akiwatazama.

"Hii radieta," Kiptanui aliuliza, akiwa ameikumbatia, "si mdomo ulikuwa upande huu?"

"Ulikuwa," Ndirangu akasema.

"Sasa nani aliuhamisha?"

Wangila alikohoa. "Ni mimi, bana. Lakini ilikuwa inapoza vizuri, usiseme."

"Wangila," Nyaruai akaita kutoka varandani, "hata mimi mdomo wangu umehamishwa upande. Mbona kwangu hakuna anayekubali ni yeye?"

Wakacheka kabla hawajajizuia, kisha wakaona haya kwa kucheka, naye akawacheka haya zao mpaka machozi yakamtoka, na Ndirangu akaenda kumpangusa kwa upindo wa shuka, kama alivyompangusa kila siku.

Jumapili tatu zilikwenda hivyo. Mdomo wa radieta ulichomelewa tena. Tundu la kabureta lilizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa na kutobolewa upya, dogo. Springi zilipofungwa ziliinua nyuma ya gari mpaka likaonekana linanusa chini. Giaboksi ndiyo iliyowachosha, kwa kuwa Kiptanui alikuwa amekata vishikizo vyake na kuupinda mkono wa gia kuelekea kushoto, apate nafasi ya tumbo na ya kikapu cha chakula. Kuunyoosha waliogopa, usije ukavunjika. Wakauacha ulivyo.

Ndirangu aliwashikia taa, akawapikia chai, akawashukuru. Kila injini ilipokataa kuwaka alihisi kifua chake kikilegea kidogo, kama mtu aliyeambiwa akae kitako. Na usiku ulipofika, akiwa anamgeuza Nyaruai, aliomba iwake kesho. Hakujua ni sala gani kati ya hizo mbili aliyoisali kwa moyo.

Iliwaka Jumapili ya tatu, ikapiga chafya, ikatoa moshi mweusi, ikatulia. Watu walipeana mikono. Ndipo Kiptanui, akikusanya spana zake, akauliza kwa sauti yake ya kawaida, ya mtu asiye na siri, "Na mama atarudi na nini? Kwa sababu giaboksi nitaijia Jumatatu baada ya safari, mzee, kama ulivyoniahidi. Vitunguu viko shambani."

Ndirangu alimtazama. Kiptanui akaelewa kwamba ameshika mahali pasipogusika, akainamia spana zake na kuzihesabu upya. Varandani Nyaruai alikuwa amefumba macho. Labda alikuwa amesinzia.

Waliondoka asubuhi ya Alhamisi, baada ya umande. Ndirangu alimwinua, wakahesabu pamoja, akamweka kiti cha mbele na kumfunga mkanda na leso juu ya mkanda ili asilale upande. Gari lilikwenda. Lilinguruma kuliko lilivyonguruma zamani na lilivuta upande wa kushoto, lakini lilikwenda, likapita Kiminini ambako waoshaji wa magari walilipungia vitambaa, likapita Kamukuywa, likashika njia ya Kimilili yenye mashimo. Hapo ikawa ni gia ya pili, kisha ya tatu, kisha ya pili tena. Na kila alipoingiza ya pili, kwa sababu ya mkono ule uliopindwa, ngumi yake iligonga goti la kulia la Nyaruai, goti lililo hai.

"Samahani," alisema mara ya kwanza. Mara ya pili pia.

"Acha samahani," Nyaruai akamwambia. "Tangu unioe hujanishika goti mara nyingi hivi kwa siku moja."

Akacheka, na Ndirangu akacheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani. Maana ilikuwa kweli kwamba alimshika mchana na usiku, kila mahali, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimgusa bila kuwa na kazi ya kufanya. Alijiambia atasema kweli wakifika Chwele. Chwele ilikuwa siku ya soko, ng'ombe wamejaa barabarani, akasema moyoni ni afadhali Kanduyi. Kanduyi malori yalikuwa mengi. Nyaruai alikuwa akitazama nje, akitaja kila alichokiona, miwa, mabango ya mikutano ya injili, mtoto aliyepanda punda, kama mtu aliyekuwa amefungiwa ndani muda mrefu. Nani angemkatiza?

Wamalwa na Wamboi waliwapokea langoni. Wamalwa alimsalimu mama mkwe kwa mbali, ameinamisha kichwa kama inavyompasa mkwe, akajitenga. Katika mji ule mama mkwe halali chini ya paa moja na mwanamume aliyemwoa bintiye. Mgeni wa siku chache angelazwa kwa jirani, au kwa mama fulani wa kanisani. Lakini Wamboi hakuwapeleka kwa jirani. Aliwapeleka kwenye pembe ya ua, kwenye chumba chenye mlango wake peke yake, mabati yake yaking'aa, saruji yake bado inanuka maji. Ndani kulikuwa na kitanda kifupi, cha kimo cha mtu asiyeweza kupanda. Kulikuwa na choo na bafu mlango wa pili, na ukutani kando ya kitanda bomba la kujishikilia, la fremu ya baiskeli, lililochomelewa na kuzama kwenye saruji, upande wa kulia, pale hasa ambapo mkono wa Nyaruai ungefika.

Ndirangu alimketisha kitandani. Wamboi alisema anakwenda kuangalia chai. Mjukuu, akiwa amebebwa mgongoni mwake, aligeuza shingo kuwatazama mpaka mlango ukamficha.

Nyaruai aliunyoosha mkono wake mzima, akalishika bomba, akalivuta. Halikutikisika. Akalipapasa mahali lilipochomelewa, polepole, akatazama dari, akatazama dirisha lenye pazia jipya, akatazama sanduku lake ambalo mumewe alikuwa amelijaza zaidi ya nguo za wiki.

"Wamefanya kazi kubwa," akasema. "Kujenga nyumba nzima. Kwa wiki moja."

Ndirangu alipiga magoti kumvua viatu. Alianza na cha kushoto, kwa kuwa mguu huo haukumsaidia, akafungua kamba, akakitoa, akaushika ule unyayo baridi kwa mikono yote miwili. Nje mtu alikuwa akigonga chuma cha baiskeli. Alitaka kuinuka lakini goti halikutaka, naye akaliacha, akabaki pale sakafuni, paji lake la uso karibu na paja la mkewe. Nyaruai aliliachia bomba, akauweka mkono juu ya kichwa cha mumewe chenye mvi, akangoja.

"Si wiki moja, mama Wamboi," Ndirangu akasema, kwa sauti ambayo hata mtu ambaye angekuwa mlangoni asingeisikia. "Nimechoka."